Kila Gesi na Mlinzi Wake

Usiku wa baridi umeingia katika milima ya Kivu. Mvua imenyesha tangu saa kumi. Nguo ni mbichi, watoto watetemeka. Mama aingiza mbabula ndani ya nyumba. Makala yamekwisha kushika moto vizuri, hakuna moshi tena, ila wekundu tu unaopendeza macho. Baba afunga dirisha ili joto lisitoke, kisha afunga na mlango. Wote walala. Asubuhi majirani wabisha hodi, wasipate jibu.

Wasomaji wapenzi, nani kati yetu hajapata kusikia habari ya namna hiyo? Wengine husema: «Wamelogwa.» Wengine husema: «Wametiliwa sumu.» Neno hilo la pili lakaribia ukweli, ila sumu yenyewe haikuliwa wala haikunywewa. Ilivutwa kwa pumzi.

Jina lake ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huzaliwa pale makala, kuni au mafuta ya motokari yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ikiingia katika damu hushikamana na hemoglobini, yaani ile protini nyekundu ya damu ichukuayo oksijeni mwilini, nayo hushikamana kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi damu hufanana na motokari iliyojazwa mawe hata mifuko ya unga ikakosa nafasi. Mtu aumwa kichwa, aona kizunguzungu, atapika, alegea. Na yule aliyelala haoni neno lolote. Usingizi wake hugeuka kifo.

Hapo pua zetu hazitusaidii. Kwa sababu hiyo watu wametafuta pua nyingine, iliyotengenezwa kwa mikono, isiyolala usiku wala mchana. Ndivyo vilivyopatikana vigunduzi vya gesi. Leo twataka kueleza jambo moja tu juu yao: hutengenezwa kwa kitu gani, na kwa nini wataalamu huchagua kitu hiki na kukiacha kile. Msidhani kwamba ni neno la wataalamu peke yao. Mlinzi aliyechaguliwa vibaya aweza kuwa hatari kuliko kukosa mlinzi, kwani mwenye mlinzi hulala bila hofu.

Adui watatu, tabia tatu

Watu wengi husema «gesi» kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Gesi zina tabia mbalimbali kama wanyama wa porini, na mtego wa panya haumkamati chui. Tutazame tatu zinazotuhusu sisi.

Ya kwanza ni hiyo ya mbabula. Uzito wake ni karibu sawa na ule wa hewa, hivyo huenea chumba kizima, juu na chini. Kidogo tu chatosha kudhuru: mtu akivuta hewa yenye sehemu 400 za gesi hiyo katika sehemu milioni, kichwa chamwuma baada ya saa moja au mbili, na baada ya saa tatu maisha yake yamo hatarini.

Ya pili ni metani. Hutoka katika migodi ya makaa ya mawe, katika vinamasi, nayo imelala kwa wingi chini ya Ziwa Kivu. Ni nyepesi kuliko hewa, basi hupanda darini. Yenyewe si sumu. Lakini ikichanganyika na hewa na kufika kati ya sehemu 5 na 15 katika mia, cheche moja yatosha kuilipua.

Ya tatu ni dioksidi ya kaboni. Sisi wenyewe twaitoa kila tupumuapo. Uzito wake ni mara moja na nusu ya ule wa hewa, basi hujilaza mabondeni kama maji. Haiungui kamwe, kwa sababu imekwisha kuungua: waweza kuiita majivu ya gesi. Ikifika sehemu 10 katika mia, mtu huzimia kwa muda wa dakika chache. Wenyeji wa Goma na Sake waijua vema, kwani katika mashimo ya mawe ya volkano hutoka ardhini na kutuama. Huiita mazuku. Neno hilo la kwetu limepita mipaka, hata wataalamu wa volkano wa nchi nyingine huliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao.

Kumbukeni tabia hizi tatu: moja ni sumu kwa kiasi kidogo sana, moja hulipuka, moja haiungui wala hailipuki, bali huzamisha kama maji. Tutaona kwamba uchaguzi wote wa kigunduzi wategemea hapo.

Walinzi wa zamani

Wachimba makaa ya mawe wa Ulaya ndio waliotangulia kutafuta mlinzi. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alitengeneza taa ambayo mwali wake umezungushiwa wavu mwembamba wa nyuzi za chuma. Wavu hupoza moto, usiweze kutoka nje na kuwasha metani ya mgodini. Tena taa hiyo ilikuwa mlinzi: metani ikiwapo, kofia ya rangi ya buluu huonekana juu ya mwali, oksijeni ikipungua sana, taa huzimika.

Lakini mlinzi huyo alikuwa kipofu wa jicho moja. Monoksidi ya kaboni yaweza kumwua mtu hali taa yaendelea kuwaka vizuri karibu naye. Mwaka 1896 daktari John Scott Haldane wa Uingereza alieleza katika ripoti yake kwamba, milipuko itokeapo mgodini, wafu wengi hawakufa kwa pigo la mlipuko bali kwa gesi hiyo iliyofuata. Alishauri wachimbaji wachukue mnyama mdogo mgodini. Mnyama mdogo hupumua upesi kuliko mtu, basi sumu humfikia mapema. Hatimaye alichaguliwa ndege mdogo wa manjano, kanari. Ndege akianguka kutoka kijiti chake, watu walikimbia. Uingereza ilimtumia ndege huyo mpaka mwaka 1986, ndipo vyombo vya umeme vikashika kazi yake.

Na tusifikiri kwamba hatari hiyo ilikuwa ya karne ya kale tu. Tarehe 8 Agosti 1956, huko Marcinelle nchini Ubelgiji, moto ulizuka katika mgodi wa Bois du Cazier. Watu 262 walikufa, Wataliano 136 kati yao. Wengi hawakuguswa na ndimi za moto. Waliuawa na moshi na monoksidi ya kaboni iliyopenya katika njia za chini.

Jiwe linalonusa

Sasa twende Japani. Miaka ya 1950 na 1960 familia nyingi za huko zilianza kupikia gesi ya chupa, na mara kwa mara nyumba zililipuka kwa sababu ya gesi iliyovuja. Mwaka 1962 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyushu, wakiongozwa na Seiyama Tetsuro, walitangaza kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki uliopashwa moto hubadili upitishaji wake wa umeme kila ugusanapo na gesi. Mwaka huo huo Taguchi Naoyoshi aliomba hati ya uvumbuzi kwa chombo cha namna hiyo, naye alichagua oksidi ya bati. Kabla ya miaka kumi kupita, chombo chake kilikuwa kikiuzwa kulinda nyumba za watu.

Bati! Hapa msomaji wa Kongo ainue kichwa. Jiwe zito jeusi lichimbwalo Kalima katika Maniema, Walikale katika Kivu, na Manono katika Katanga, lile liitwalo kasiterite, ni nini? Ni oksidi ya bati. Mkemia akiandika jina la jiwe hilo na jina la unga ulio ndani ya kigunduzi, aandika herufi zile zile: SnO2. Bila shaka jiwe la mtoni halinusi kitu, kwani lina uchafu na ni zito mno. Yafaa lisafishwe, livunjwe na kufanywa upya kuwa unga mwembamba kupita kiasi. Lakini asili ni moja.

Unga huo wanusaje? Fikirini barabara yenye daraja jembamba. Ndani ya chembe za bati mna elektroni, yaani vichukuzi vidogo vya umeme, vinavyopita kutoka chembe moja hadi nyingine. Chombo hupashwa moto wa digrii 200 hadi 400. Oksijeni ya hewa hutua juu ya uso wa chembe na kuwakamata vichukuzi wale. Basi daraja lajifunga, umeme wapita kwa shida. Gesi ya kuungua ikija, kama metani au monoksidi ya kaboni, yaungua pamoja na ile oksijeni iliyotua. Oksijeni yaondoka, vichukuzi vyafunguliwa, daraja lafunguka, umeme wapita kwa wepesi. Kengele yalia. Hakuna ndege anayekufa, wala mtu anayehitaji kukesha akitazama mwali wa taa.

Maswali matano ya mchaguzi

Mbona basi wasichukue oksidi yoyote? Chuma kina oksidi, shaba ina oksidi, kobalti pia. Wataalamu wamejaribu nyingi mno. Kila moja huulizwa maswali kama yale aulizayo mwenye nyumba anapoajiri mlinzi.

La kwanza: je, wasikia hata sauti ndogo? Oksidi ya bati husikia vizuri, hasa chembe zake zikiwa ndogo sana. Mtaalamu Mjapani Yamazoe Noboru alionyesha mwaka 1991 kwamba chembe zikipungua mpaka kufikia karibu nanomita 6, usikivu huongezeka ghafula. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Sababu si ngumu: katika chembe ndogo hivyo karibu yote ni uso, na uso ndio unaogusana na gesi.

La pili: je, waweza kumtofautisha mwizi na mgeni? Hapa ndipo penye udhaifu wa bati. Lenyewe hulia kwa gesi ya chupa, kwa mvuke wa pombe na kwa mvuke wa mafuta ya taa. Wataalamu hulifundisha kwa njia tatu. Hulitia paladi au platini kidogo sana, madini ya thamani yanayoharakisha kuungua kwa gesi fulani. Hubadili moto wake: metani ni gesi ngumu, yahitaji joto kubwa, lakini monoksidi ya kaboni yatambulika kwa joto dogo, kwa hiyo vyombo vingine hupashwa moto kwa zamu, mara kwa nguvu ili kusafishika, mara kidogo ili kunusa. Tena huweka mlangoni kichujio kinachozuia mvuke wa pombe. Kichujio hicho ni cha nini? Ni cha makala yaliyotayarishwa kwa ufundi! Makala yanayotuua yatumikapo vibaya ndiyo hayo hayo yanayomsaidia mlinzi asidanganyike.

La tatu: je, ukiisha kulia, wanyamaza upesi na kuwa tayari tena? Oksidi nyingine huinasa gesi na kukataa kuiachia. Hiyo ni kama mlinzi aliyepiga kelele mara moja akapotewa na sauti.

La nne: je, utakuwa vile vile mwaka ujao? Hapa uchaguzi wawa mgumu, maana sifa moja hula nyingine. Chembe ndogo husikia vizuri, lakini kwa moto wa kila siku hushikana na kukua kama unga ulioingia maji ukafanya madonge, na usikivu wapungua. Basi mtengenezaji mwenye busara hachagui chembe ndogo kuliko zote, bali zile ndogo zinazodumu. Tena kuna adui mwingine tunayemjua sana katika nchi zetu za mvua: unyevu wa hewa. Mvuke wa maji huchukua nafasi ya oksijeni juu ya uso wa bati, na kigunduzi kilichopimwa katika chumba kikavu cha maabara chaweza kusema uongo Bukavu mwezi wa Aprili. Anayenunua chombo kwa ajili ya nchi yetu na aulize kwanza kama kilipimwa katika hewa yenye unyevu.

La tano: wagharimu kiasi gani, na wala nini? Bati ni rahisi, na chombo chake ni kidogo. Lakini moto wake hula umeme mchana na usiku. Mahali ambapo umeme hukatika, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Kwa maswali hayo hayo oksidi nyingine zimepata kazi zao. Oksidi ya wolframu huchaguliwa kwa dioksidi ya nitrojeni, gesi inayotoka katika moshi wa motokari na kuwasha kifua. Kauri ya zirkonia, ikipata moto mkali, hupima oksijeni. Nayo imewekwa katika bomba la moshi la motokari nyingi ili injini isipoteze mafuta. Hakuna hata moja inayofaa kwa yote.

Bati linaponyamaza

Mgodini, penye metani nyingi, bati limepata mwenzake. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitengeneza kwa ajili ya migodi yake punje ndogo ya kauri iliyofungwa ndani yake uzi wa platini uliosokotwa. Punje hupakwa paladi. Metani ikiigusa, yaungua juu yake bila mwali, joto laongezeka, na uzi wa platini huonyesha ongezeko hilo kwa umeme. Pembeni yake huwekwa punje nyingine isiyo na paladi, ili joto la hewa ya kawaida lisidhaniwe kuwa gesi.

Mlinzi huyo ni hodari, lakini ana aibu zake. Silikoni iliyomo katika mafuta na gundi fulani, au risasi, au salfa, humlevya. Hukaa mahali pake, taa yake yawaka, kumbe amekufa. Tena anahitaji oksijeni ili aunguze: pasipo na oksijeni, hata metani ikijaa mgodi mzima, yeye hutoa hesabu ndogo. Ndiyo sababu hupimwa kwa gesi halisi mara kwa mara. Taa ya chombo kuwaka tu si ushahidi.

Kwa monoksidi ya kaboni vigunduzi vingi vya nyumbani hutumia njia nyingine tena: kikombe kidogo kilichofungwa, chenye asidi na vipande vya platini. Gesi ikiingia, yafanya kemia juu ya platini na kuzaa umeme kidogo kadiri ya wingi wake. Chombo hicho hakihitaji moto, basi betri yatosha kwa muda mrefu. Ila hukauka na kuzeeka. Baada ya miaka 5 hadi 10, kwa kadiri ya aina yake, sharti kibadilishwe.

Na mazuku je? Hapa bati hunyamaza kabisa, na punje ya platini nayo hunyamaza. Mwakumbuka tulisema dioksidi ya kaboni ni majivu: haiungui. Vyombo vyote viwili hutegemea kuungua kwa gesi. Mtu akienda katika shimo la mazuku na kigunduzi cha metani mkononi, atakufa na chombo kisilie. Wala taa ya mwali haitoshi, kwa sababu mtu huanza kuzidiwa mwali ukingali unawaka. Taa ni shahidi anayekuja kesi ikiwa imekwisha.

Kwa gesi hiyo wataalamu waliacha kuigusa wakaamua kuiangalia. Dioksidi ya kaboni hunyonya mwali fulani wa joto usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Oksijeni na nitrojeni hazinyonyi mwali huo. Basi hutengenezwa bomba fupi: upande huu taa, upande ule kipokezi, mwali ukififia njiani, gesi ipo. Hata hapo yabidi kuchagua vitu. Kioo cha dirisha hakipitishi vema mwali huo. Kwa hiyo huwekwa kioo cha yakuti iliyotengenezwa viwandani, na mara nyingi kuta za bomba hupakwa dhahabu ili zirudishe mwanga.

Ziwa letu

Msidhani kwamba maneno hayo yako mbali nasi. Katika maji ya chini ya Ziwa Kivu zimeyeyuka gesi nyingi: zikitolewa na kupimwa kama hewa ya juu, dioksidi ya kaboni ni karibu kilomita za ujazo 300, na metani karibu 60. Kandokando ya ziwa wakaa watu zaidi ya milioni 2. Upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016, mtambo hutoa metani hiyo na kuifanya umeme wa megawati 26 hivi. Mtu afanyaye kazi penye gesi za namna hiyo ahitaji walinzi wawili, si mmoja: mmoja wa gesi ilipukayo, mwingine wa gesi izamishayo.

Tukumbuke Ziwa Nyos la Kamerun. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 dioksidi ya kaboni ilifoka kutoka chini ya ziwa hilo, ikashuka mabondeni, ikaua watu karibu 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Hawakusikia mlio wa kengele yoyote. Tangu mwaka 2001 mabomba yamewekwa ndani ya ziwa hilo ili gesi itoke polepole. Ziwa Kivu lina tabia yake, nalo halijafanya hivyo mbele ya macho ya vizazi vyetu. Hata hivyo, kulilinda na kulipima ni wajibu wa busara, si woga.

Lakini mazuku hayangoji ziwa. Huua mmoja mmoja, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Mbuzi na watoto hutangulia kuanguka kwa kuwa wako karibu na ardhi. Na mara nyingi mkubwa humfuata mtoto ili amwokoe, naye akainama, akaanguka juu yake. Mtu asishuke kamwe katika shimo ambamo mwingine ameanguka, bila chombo cha hewa cha kupumulia. Na aite watu, avute kwa kamba kama yawezekana, lakini asiinamishe kichwa chake humo.

Mchimbaji asiye na pua

Kuna jambo lipasalo kutuhuzunisha. Mchimbaji wa kasiterite hushuka katika shimo refu na jembamba. Maji yakijaa, wenzake huteremsha pampu ya mafuta, na moshi wa injini hujaa humo chini. Moshi huo una monoksidi ya kaboni ile ile ya mbabula. Vijana wenye nguvu wamekufa hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akienda kumtoa mwenzake. Jiwe wanalolitoa husafiri ng'ambo ya bahari, husafishwa, na sehemu ndogo ya bati ya dunia huwa pua ya kulinda nyumba za watu wengine. Lakini yeye aliyelichimba hushuka shimoni bila pua.

Vyama vya wachimbaji na wanunuzi wa madini wangefanya jambo la haki kama kila kikundi kingekuwa na kigunduzi kimoja cha mkononi, chenye kupima monoksidi ya kaboni na oksijeni, na mtu mmoja aliyefundishwa kukitumia. Na kabla hata ya kununua chombo, sheria hii haigharimu senti: injini isiteremshwe shimoni kamwe. Ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, na moshi wake uelekee upepo unakokwenda.

Nyumbani mwetu

Wazazi wapenzi, labda mwasema: «Vyombo hivyo ni vya matajiri.» Basi, sikilizeni kwanza lisilohitaji fedha. Mbabula isilale ndani. Jiko likiwaka ndani mchana, dirisha na mlango viwe wazi. Usidanganywe na makala yasiyo na moshi: moshi huonekana, ila sumu haionekani. Injini ya kutoa umeme isiwashwe ndani ya nyumba, wala barazani, wala chini ya dirisha. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, msitafute mchawi. Tokeni nyote, fungueni nyumba, mwende kwa daktari.

Na yule mwenye uwezo wa kununua kigunduzi, kwa nyumba, kwa shule au kwa bweni la wanafunzi, na asome maandishi yake kabla ya kulipa. Kinalinda gesi gani? Cha gesi ya chupa hakifai kwa mbabula, wala cha mbabula hakifai kwa mazuku. Kilitengenezwa mwaka gani, na mwisho wake lini? Kinafuata kanuni gani? Kwa mfano, kanuni ya Marekani yataka kigunduzi cha monoksidi ya kaboni kilie ndani ya dakika 4 hadi 15 gesi ikifika sehemu 400 katika milioni, na ndani ya saa 1 hadi 4 ikiwa sehemu 70. Kisha kiweke mahali pake: cha gesi ya chupa karibu na sakafu, maana gesi hiyo ni nzito, cha metani juu karibu na dari, cha monoksidi ya kaboni pale watu walalapo, na mlio wake usikike kitandani. Kibonyezwe kila mwezi kuona kama chalia.

Nanyi wanafunzi, mwalimu wa kemia anapoandika SnO2 ubaoni, msilione kama neno la mtihani tu. Ni jiwe la milima yenu. Kulichimba twajua tangu zamani. Kulisafisha, kulifanya unga wa nanomita sita, kulipima katika unyevu wa mvua zetu na kulifundisha kutofautisha pombe na sumu: hiyo ni kazi inayowangoja. Mvua ya Bukavu haimo katika maabara za ng'ambo, na anayeijua ndiye atakayechagua vizuri.

Jioni hii, kabla ya kufunga mlango, toeni mbabula nje.